Mipaini Kwenye Ukanda wa Kipunji

Mwaka wa kwanza miche yote ilikufa. Sekela alifika kitaluni asubuhi akakuta konokono wamekula kazi ya miezi saba, viriba vimebaki na udongo mtupu. Mwaka wa pili ilipona mia tisa. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa ameshajua kwamba mbegu ya mvengi haitaki kulazwa hata wiki moja, kwamba ya mpodo inataka uisahau kabisa ndipo iote, na kwamba ya mkuyu ni laini kama ugoro, ukiikoholea imekwenda. Mwaka huo yeye na wanawake kumi na wanne wa kikundi chake walikuwa na miche elfu nne na mia mbili, mizima, inayofika magotini, yote ya miti ya asili ya mlima ule.

Kijiji chao, Isumbilo, kimekaa ubavuni mwa Mlima Rungwe, mahali ambapo msitu wa mlima na ule unaopanda kuelekea Kitulo inakaribiana bila kugusana. Katikati pana ukanda wa wazi, upana wake hatua mia sita za mtu mzima. Zamani palikuwa msitu. Watu wakakata, wakalima viazi mpaka ardhi ikachoka, na mwisho yakabaki magugu na mianzi michache kandokando ya kijito. Kwa mtu, hatua mia sita ni mwendo wa kwenda kuomba chumvi kwa jirani. Kwa kipunji ni mwisho wa dunia.

Kipunji ni kima wa milima hii, ana manyoya marefu ya kahawia na kishungi kilichosimama utosini, na akishtuka hubweka kama mtu mwenye kikohozi kibaya. Anaishi juu ya miti, na mahali pa wazi hapakanyagi. Miaka kumi na moja nyuma watafiti walimwajiri Sekela kulifuata kundi moja na kuandika linakula nini na linalala wapi. Mradi ukaisha, watafiti wakaondoka, yeye akaendelea kuandika kwenye madaftari ya shule. Alipoanza, kundi lilikuwa na kima thelathini na watatu. Sasa walikuwa kumi na tisa, wanazaana ndugu kwa ndugu, kwa sababu wenzao walikuwa ng'ambo ya ukanda na njia haikuwepo.

Ilichukua mikutano sita kuwashawishi watu wauache ukanda urudi kuwa msitu. Sekela, mjane wa miaka hamsini na mmoja, alianza kwa kuachia shamba lake mwenyewe la viazi. Watu walimcheka, kisha wakaona haya, kisha na wao wakaachia. Sheria ndogo ya kijiji ikaandikwa, naye akiwa kwenye kamati iliyoiandika: atakayekata au kung'oa mti ndani ya ukanda atashtakiwa.

Basi Januari ile mwenyekiti wa kijiji, Anord, alipokuja kitaluni na habari, Sekela alidhani mlango umefunguka.

"Mama Yudith, ndaga, asante kwa kazi," alisema Anord, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza. "Siku ya kupanda miti ya wilaya mwaka huu inafanyika kwetu. Pale ukandani. Mgeni rasmi anakuja, shule zinakuja, kwaya inakuja. Watu wasiopungua mia tano."

"Mia tano?" Sekela aliweka chini ndoo. "Mwenyekiti, watu mia tano wanamaliza miche yangu yote kabla ya saa sita!"

"Ninyi chimbeni mashimo. Mengine tuachieni."

Walichimba siku tisa. Bertha, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, alimzuia kila anayetaka kuchimba kwa kamba na mistari. "Huu ni msitu, si shamba la chai," aliwaambia. Mashimo yakawa yamekusanyika hapa, yametawanyika pale, kama Sekela alivyoona miti inavyosimama juu mlimani. Viganja vilichubuka. Hakuna aliyelalamika.

Siku yenyewe, saa mbili asubuhi, lori liliingia likinguruma kutoka barabara kuu. Sekela alikuwa ameshapanga miche yake kwenye mikokoteni. Aliliona turubai likifunuliwa, akaona kijani kilichokolea cha majani membamba kama sindano, na juu yake mdogo wake, Fanueli, amesimama amevaa koti la suti, anatabasamu mpaka magego.

"Dada!" Fanueli aliruka chini akamshika mikono yote miwili. "Nilitaka iwe sapraizi. Mipaini elfu nne! Kutoka kitaluni kwangu Mafinga, mbegu bora, sijaomba hata senti. Nimesema pale ni kwa dada yangu, acha na mimi niwe na mchango wangu nyumbani."

Fanueli alikuwa ameondoka Isumbilo miaka ishirini iliyopita kwenda kubeba mbao kwenye viwanda vya Mafinga. Sasa alikuwa na msumeno wake, kitalu chake, na vijana kumi wanaomwita bosi. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililomzuia Sekela asimfokee.

"Gwe Fanueli," alisema polepole, "nani alikuambia ulete mipaini?"

"Mwenyekiti. Alinipigia akaniambia dada yako anapanda miti, wilaya haina miche ya kutosha."

"Yangu ni elfu nne na mia mbili. Ile pale."

Fanueli aliitazama mikokoteni. "Ile ya porini? Dada, ile itachukua miaka arobaini. Hii baada ya mitatu inakupita kichwa. Miti ni miti."

"Kipunji anakula nini kwenye mpaini?"

Fanueli akacheka kidogo, akamgusa bega kana kwamba alikuwa amemtania.

Sekela alimwendea Anord, ambaye alikuwa akipanga viti. Anord alimwambia mgeni rasmi ameshapita Mbalizi na ratiba imeshachapwa. Alimwendea afisa misitu, binti mmoja aitwaye Goodness, ambaye mara mbili alikuwa amelala nyumbani kwake na kula ndizi zake. Goodness aliangalia chini.

"Mama, najua. Mimi nilisomea haya. Lakini taarifa imeshaandikwa mipaini elfu nne, na walioiandika wako juu yangu. Ya kwako tutaipanda awamu ya pili."

"Lini?"

"Awamu ya pili," alirudia Goodness.

Kwaya ikaimba. Mgeni rasmi akapanda mpaini wa kwanza ndani ya shimo ambalo Bertha alikuwa amechimba kando ya kijito, akapigwa picha, akanawa mikono. Halafu watu mia tano wakashuka ukandani na kabla ya saa sita mashimo yote yalikuwa yamejaa. Kwenye kipaza sauti Anord alimshukuru Mama Yudith na kikundi chake kwa kuchimba mashimo yaliyo bora, ila mengine hayakunyooka. Watu wakapiga makofi. Sekela alisimama nyuma ya mikokoteni yake, mikono imemning'inia, hasira imemjaa mpaka masikio yakawa yanavuma.

Alijizuia. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu, na taratibu alizifuata. Aliandika barua kwa serikali ya kijiji. Ikajibiwa kwamba imepokelewa. Akaandika kwa kata. Wakamwambia aanzie kijijini. Akapanda gari kwenda Mbeya mjini, kwenye ofisi moja aliyoelekezwa, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka wafagizi wakaja. Mzee mmoja mpole akamsikiliza dakika nne, akamwambia, "Mama, wenzako huku wanashtakiwa kwa kukata miti, wewe unalalamika imepandwa?" Wenzake wa meza za jirani walicheka. Na Sekela aliona kwamba hawakumcheka kwa ubaya. Kwao kweli lilikuwa jambo la kuchekesha, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Februari ikaisha. Mizizi ya miche yake ikatoboa viriba na kuanza kujishika kwenye udongo wa kitalu. Mche ukishafanya hivyo, ukichelewa kuuhamisha unakufa mkononi. Masika yalikuwa yamebakiza miezi miwili hivi.

Alimpigia simu Fanueli.

"Njoo uchukue mipaini yako, mdogo wangu. Nakuomba kwa heshima."

Msumeno ulikuwa ukinguruma upande wa pili. "Dada, mimi nilitoa kwa moyo. Watu wa huku wote wanajua nimetoa. Sasa nirudi niing'oe, niseme nini? Kwamba dada yangu ameikataa?"

"Sema haifai mahali pale."

"Milima yote ya Mufindi imefunikwa na hii miti. Watoto wanasoma kwa hii miti. Mwanao Yudith alisoma kwa hii miti, au umesahau nani alilipa?"

Hakuwa amesahau. Alikata simu kwa sababu alijua neno ambalo lingefuata kinywani mwake lisingerudi.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya Machi, jua likiwaka, Sekela alishuka ukandani na mundu kiunoni na jembe begani akaanza kung'oa. Hakujificha. Alianza upande wa msitu wa mlima akaenda akishuka. Kila mpaini aliuchimbua na bonge lake la udongo akauweka pembeni, wima, maana mche haukuwa na kosa lolote. Saa tatu Bertha alifika akiwa na mkokoteni. Akaanza kuipakia na kuipeleka kijijini nyumba kwa nyumba: "Panda mpakani mwa shamba lako, ukikua utapata nguzo." Watu waliipokea kwa furaha. Hadi saa sita wenzao watano walikuwa wamejiunga, na mashimo mia tatu na themanini yalikuwa wazi, manne kati yake yameshatiwa mivengi.

Ndipo mgambo wawili wakaja na Anord nyuma yao, anahema.

"Mama Yudith! Unajua unachofanya? Hii ni miti ya Serikali!"

"Ilikuwa ya Fanueli. Imekuwa lini ya Serikali?"

"Ilipopandwa na mgeni rasmi!"

Akamsomea sheria ndogo. Atakayekata au kung'oa mti ndani ya ukanda. Sekela aliisikiliza kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe. Alikumbuka siku walipoiandika, jinsi mjumbe mmoja alivyopendekeza waandike "mti wa asili," naye akasema neno "mti" linatosha, lisije likawachanganya watu. Alitamani kujipiga kofi.

Walimpeleka ofisi ya kata, akakaa huko tangu mchana mpaka jioni kwenye chumba chenye magunia ya mbolea. Baraza la kata lilikutana kesho yake. Halikuwa na ukatili; wazee wawili walimtetea, mmoja akasema huyu mama ameonekana mlimani mvua na jua kuliko sisi sote. Lakini sheria ilikuwa sheria, na taarifa ya wilaya ilikuwa na namba elfu nne. Hukumu: aondolewe kwenye kamati ya mazingira, na arudishe mipaini mia tatu na themanini ardhini kwa mikono yake.

"Ile iliyogawiwa?" aliuliza.

"Uikusanye."

Akaikusanya. Akapita nyumba zilezile, akiomba, na kila nyumba walimwuliza imekuwaje, na kila nyumba alieleza, mpaka maneno yakamwishia akawa ananyoosha mkono tu. Watu wengine walikataa kurudisha. Aliipanda iliyopatikana, mia mbili na kumi, kwenye mashimo yake mwenyewe. Ile mivengi minne aliyokuwa ameshaitia aliichomoa akairudisha kitaluni, na mmoja ulivunjika mzizi mkuu. Hapo ndipo alipolia, amepiga magoti kwenye matope.

Fanueli alifika siku ya tatu baada ya hukumu. Alikuwa amesikia dada yake kawekwa ndani, akaendesha tangu alfajiri kutoka Mafinga. Hakuvaa suti. Walikaa jikoni, wakala magimbi, kisha akasema, "Nionyeshe."

Walipanda mpaka ukingo wa msitu. Walisubiri karibu saa moja kabla ya kusikia kile kikohozi, na kundi likaja juu ya miti, kima mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye mti wa mwisho. Jike moja lenye mkia uliokatika lilikuja mbele likakaa kwenye tawi lililoinamia ukanda. Likatazama ng'ambo. Likakaa hivyo muda mrefu, mtoto amening'inia tumboni, kisha likageuka likarudi lilikotoka.

"Hufanya hivyo kila wiki," alisema Sekela. "Miaka kumi na moja."

Fanueli alikuna kidevu. "Na mipaini ikikua hawawezi kupita juu yake?"

"Pengine watapita. Hakuna tunda, hakuna jani wanalokula, chini hakuoti kitu. Halafu mwaka wa kumi na tano wewe mwenyewe utakuja na msumeno. Utaiacha?"

Alifikiri, na tumpe haki yake, alijibu ukweli. "Siwezi kuiacha. Mpaini usipovunwa ni hasara."

"Basi."

Jioni ile Fanueli alikwenda kwa Anord kuomba arudishiwe zawadi yake. Alirudi amekunja uso. Zawadi imeshaingia kwenye taarifa, haitoki. "Ningejua makaratasi yana nguvu hivi," alisema, "ningepanda makaratasi." Hakuwa amebadilika kuwa mtu mwingine, usiku wakati wa kula alisema tena kwamba kima kumi na tisa si sababu ya kumpeleka dada wa mtu kwenye chumba cha mbolea, na Sekela alimwambia nyamaza ule.

Aliyepata upenyo alikuwa Goodness. Alikuja kwa pikipiki siku ya Jumapili, bila sare, akasimama mlangoni kama mtu anayekuja kuomba radhi lakini hajui aanzie wapi.

"Mama, sheria inakataza kupanda mipaini ndani ya mita sitini kutoka chanzo cha maji. Kile kijito kina chemchemi mbili. Mimi sikusema siku ile, nilipaswa kusema. Nimeandika sasa. Hawawezi kukataa hili bila kuniandikia kwa nini."

"Mita sitini kila upande?"

"Kila upande."

Sekela alihesabu kichwani. Kijito kilikuwa katikati. Mita sitini huku na sitini kule, jumla hazikufika theluthi ya njia. Pangebaki mipaini pande zote mbili, na msitu wake katikati kama kisiwa. "Na pande zilizobaki?"

Goodness alianza kuvaa kofia yake ya pikipiki.

Kibali kilichukua wiki tatu na nusu. Kilipofika, mwezi wa tano ulikuwa umeanza na mvua ilikuwa imeshapungua, inakuja manyunyu ya asubuhi tu. Mipaini iliyokuwa karibu na maji iliondolewa na mgambo walewale waliomkamata, ukiwemo ule mpaini wa mgeni rasmi, ambao Anord aliusimamia mwenyewe ukihamishiwa mbele ya ofisi ya kijiji na kuzungushiwa uzio. Sekela na wenzake walipanda kwa siku mbili mfululizo, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Iliingia miche elfu moja na mia moja. Iliyobaki ilikuwa imejishika mno. Walijaribu kuigawa, watu waliuliza ni mbao gani, wakiambiwa si ya mbao walishukuru wakaondoka. Kufikia Agosti zaidi ya elfu mbili ilikuwa imekauka kwenye viriba vyake, na wanawake waliitumia kuwashia moto. Bertha hakuweza, yeye aliipeleka ya kwake akaitupa korongoni.

Kiangazi chote walibeba maji. Kati ya miche elfu moja na mia moja ilipona mia saba na kidogo. Mipaini, bila kumwagiliwa na mtu, ilifika kiunoni.

Fanueli alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Waliongea habari za watoto, za goti lake, za bei ya mahindi. Miti hawakuigusa, isipokuwa mara moja alipouliza ghafla, "Bado wanakuja pale ukingoni?" Sekela akamwambia bado wanakuja. Walikuwa kumi na wanane sasa.

Mkutano mkuu wa kijiji wa Septemba, Sekela aliomba ajenda: ukanda uliobaki, na sheria ndogo isomeke "mti wa asili." Anord, ambaye hakuwa na kinyongo naye, aliikubali na kuiweka chini kabisa, kwenye mengineyo. Walijadili choo cha shule masaa mawili. Walijadili ng'ombe wa mtu fulani. Saa kumi na moja Anord akasema muda umetutupa mkono, mengineyo tutayachukua mkutano ujao, akafunga kwa sala.

Mkutano wa Desemba ikawa hivyohivyo, isipokuwa kilichojadiliwa kilikuwa barabara.

Wa Machi alifika mapema, akakaa benchi la mbele na daftari lake. Kwenye ajenda ya nne mvua kubwa ikaanza kupiga bati, sauti zikawa hazisikiki, watu wakaanza kutoka wawili wawili wakijifunika khanga na mifuko. Anord alikusanya karatasi zake.

"Mwenyekiti," Sekela aliita kwa sauti kubwa. "Hujafika mengineyo."

"Mama Yudith, akidi haipo. Tazama."

Alitazama. Walikuwa wamebaki yeye, Bertha, Goodness aliyesimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi, na wazee wawili wanaosubiri mvua ipungue.

"Inataka watu wangapi?"

"Unajua wangapi."

Sekela alifunga daftari, akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akatoka kwenye mvua. Alianza na nyumba iliyo karibu zaidi na ofisi. Alibisha hodi, akasubiri, akabisha tena kwa ngumi. "Toka nje," alisema mlango ulipofunguliwa. "Mkutano haujaisha." Nyuma yake alimsikia Bertha akibisha nyumba ya pili, naye anafoka.

Walitoka watu kumi na sita. Walihitajika themanini.